Nani Aliamua Kwamba Mti Huu Usife?

Treni ya behewa moja inayotoka Ogaki, Japani, hupanda bonde la Neo taratibu, ikivuka mto mara kwa mara, na ifikapo Aprili abiria wengi huteremka kituo cha mwisho, Tarumi, kwa sababu moja tu: kuutazama msakura mmoja mkongwe, yaani mti wa cheri wa Kijapani. Tulipoufikia, maua yake yalikuwa yamekwisha kuacha weupe na kuingia ile rangi ya kijivu hafifu, rangi ya wino uliozimuliwa kwa maji mengi, inayotokea siku chache kabla hayajapukutika. Macho yangu, hata hivyo, hayakukaa kwenye maua. Yalishuka kwenye nguzo. Kila tawi kubwa limewekewa mihimili yake ya mbao, mingine mirefu kuliko mtu, na pale tawi linapolala juu ya mbao pamefungwa vifungo laini ili gome lisichubuke.

Niliyefuatana naye ni mwuguzi. Amekaa miaka mingi katika wodi ya wagonjwa mahututi nyumbani Tanga, na si mtu wa kusema ovyo. Aliufuata uzio kimya kimya mpaka ukamrudisha pale aliponiacha, akautazama tena mti tangu shinani hadi kileleni, kisha akaniuliza, "Kaka, nani aliamua kwamba mti huu usife?"

Sikuwa na jibu, na kwa wiki kadhaa swali hilo halikunipa nafasi.

Mizizi 238

Kwa mti huu mmoja, wanaohusika wanajulikana. Msakura huu wa mkoa wa Gifu, uitwao Usuzumizakura, unasemekana kuwa na umri unaozidi miaka 1500, na mwaka 1922 serikali ya Japani iliuweka katika orodha ya kumbukumbu za asili za taifa. Baada ya vita kuu ya pili ulikuwa umedhoofika kiasi kwamba kufa kwake kulionekana kuwa jambo la muda tu. Mwaka 1949 alikuja daktari wa meno mmoja wa mkoa huo, kwa jina la Maeda, akafukua udongo unaolizunguka shina, na katika mizizi ile mikongwe iliyooza akabebesha mizizi michanga 238 ya misakura ya mwituni. Mti ukanyonya maji kwa mizizi ya wageni. Ukachipua.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1959, kimbunga cha Ise kikauvunja matawi makubwa. Katika miaka ya 1960 mwandishi Uno Chiyo aliutembelea, akasikitishwa na hali yake, akamwandikia gavana wa Gifu kuomba uokolewe. Ukaokolewa kwa mara ya pili, kwa mbolea, uzio na nguzo hizo nilizozitaja.

Kwa hiyo walioamua ni daktari wa meno, mwandishi na gavana. Nilimpelekea mwenzangu majina hayo kwa ujumbe wa simu, naye akajibu kwa upole kwamba nimemweleza nani alifanya, sikumweleza kwa haki gani.

Alikuwa amesema kweli.

Jibu lililo karibu mno

Lipo jibu linalokuja haraka kwa kila anayeandika habari za Japani, nalo ni kwamba Wajapani wanaheshimu miti. Ushahidi wake hauna shida kupatikana: miti mikubwa katika viwanja vya mahekalu imevishwa kamba nene za mabua ya mpunga zenye vipande vya karatasi nyeupe, ishara kwamba mahali hapo ni patakatifu; na tangu mwaka 1991 nchi hiyo ina cheti maalumu cha daktari wa miti, ambacho mtu hukipata baada ya miaka ya kazi, mitihani na mafunzo.

Jibu hilo si la uongo, lakini halinitoshi. Japani hiyo hiyo, baada ya vita, ilifyeka misitu mingi ya asili ili kupanda mierezi ya sugi na miti mingine ya mbao, hata leo takriban asilimia 40 ya misitu yake ni mashamba ya miti ya kupandwa. Sehemu kubwa ya mashamba hayo imekosa wa kuyapunguza na kuyapogoa tangu mbao za kutoka nje ziliposhusha bei, na kila masika chavua yake huwatoa machozi na kamasi mamilioni ya watu mijini. Tena, ukipita katika barabara nyingi za miji ya Japani wakati wa baridi utaona miti iliyokatwa matawi yote hadi kubaki nguzo tupu, kwa sababu majani yanayoanguka huwaletea wakazi kero na halmashauri gharama.

Heshima iliyo sawa kwa kila mti, basi, haipo. Kuna miti iliyochaguliwa. Baada ya kukubali hilo ndipo nilipoanza kuona kwamba swali la mwuguzi haliwezi kujibiwa kwa kuwasifu watu, bali kwa kutazama kazi yenyewe: mikono inafanya nini, na hujuaje wakati wa kuacha.

Walioukiuka msemo

Msemo wa zamani wa Kijapani unadai kwamba apogoaye msakura ni mpumbavu, na asiyepogoa mti wa ume, yaani mplamu wa Kijapani, ni mpumbavu pia. Nyuma ya msemo huo kuna ujuzi wa kweli. Jeraha la msakura haliponi upesi. Kuvu huingia mahali palipokatwa, uozo ukatambaa kuelekea moyo wa shina, na mti ukaanza kufa kutokea ndani ilhali kwa nje bado unachanua. Watunza bustani waliushika msemo huo kwa vizazi. Misakura haikuguswa.

Tatizo ni kwamba msakura uliojaa katika bustani, shule na kingo za mito ya Japani ni wa aina moja, Somei Yoshino, uliotokea mtaa wa Somei mjini Edo, ambao leo ni sehemu ya Tokyo, karibu na mwisho wa enzi za masamurai. Aina hii haiwezi kuendelezwa kwa mbegu zake. Kila mche hutokana na kikonyo kilichobebeshwa juu ya shina la msakura mwingine, na kikonyo hicho nacho kilitoka kwa mti uliobebeshwa vivyo hivyo, kurudi nyuma hadi mti wa kwanza. Ndiyo sababu yote huchanua pamoja, mtaa mzima kwa siku chache zile zile. Ndiyo sababu pia maradhi yanayouweza mmoja huiweza mingine yote. Watu wamezoea kusema kwamba huishi miaka 60 hivi, na kwa kuwa mingi ilipandwa baada ya vita, miji mingi ya Japani sasa ina misakura iliyozeeka kwa wakati mmoja.

Hirosaki, mji ulio kaskazini katika mkoa wa Aomori, una misakura ya Somei Yoshino iliyopandwa mwaka 1882, na bado inachanua.

Mkoa wa Aomori ndio unaoongoza kwa matufaha katika Japani nzima, na mtu aliyepanda misakura 1000 ndani ya ngome ya Hirosaki mwaka ule, samurai wa zamani aitwaye Kikuchi Tatee, ni yule yule anayekumbukwa kwa kuanzisha kilimo cha matufaha katika eneo hilo. Wakati wake mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano. Miongo mingi baadaye ndipo watunzaji wa bustani ya ngome walipothubutu kufikiri kwamba msakura na mtufaha ni ndugu wa ukoo mmoja wa mimea, na kwamba wakulima wa pale wanapogoa mitufaha kila mwaka bila kuiua, hivyo hapakuwa na sababu ya msakura kuachwa uchoke na matawi yake makongwe. Wakauacha msemo. Wakachukua misumeno.

Hapa ningependa msomaji aone kazi ilivyo. Mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikiwa bado chini, watunzaji hupanda ngazi na kuondoa matawi yaliyochoka, wakikata karibu na maungio ili kisibaki kisiki kitakachooza, kisha hupaka kila jeraha dawa ya kuzuia kuvu. Katika mashina makongwe yaliyobaki mapango wameona jambo ambalo mtu mwenye haraka asingeliona. Kutoka kwenye sehemu ya gome iliyo hai, ndani ya shina lenyewe lililooza, huchomoza mizizi myembamba inayoteremka gizani kutafuta udongo. Zamani pango kama hilo lilisafishwa na hata kuzibwa kwa saruji. Hirosaki mizizi hiyo huachwa na kuelekezwa hadi iguse ardhi, na ikishaigusa hunenepa, ikawa shina jipya ndani ya shina la zamani. Kitumba kimoja cha Somei Yoshino kwa kawaida hutoa maua matatu au manne. Hirosaki hutoa manne hadi matano. Katika bustani yenye misakura ipatayo 2600, zaidi ya 300 imepita umri wa miaka 100.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kwa sababu ndiyo iliyonigeuza. Nilikuwa nimechukulia kwamba utunzaji wa miti wa Kijapani una nguvu kwa kuwa ni wa jadi. Hirosaki ilinionyesha watu walioupima msemo wa wazee wao mbele ya mti ulio hai, wakauamini mti.

Mikanda ya mabua

Mfano mwingine ni mchungu zaidi, maana hapa kilichotolewa kafara ni kitu kizuri.

Kila Novemba, katika bustani nyingi za Japani, mashina ya misonobari hufungwa mkanda wa mabua ya mpunga kwa kimo cha kifua. Maelezo yanayotolewa ni kwamba viwavi wanaokula majani ya misonobari hushuka kutafuta joto, hujificha ndani ya mabua, na mwanzoni mwa Machi mikanda hufunguliwa ikachomwa pamoja nao. Ni mandhari inayopendeza sana: mafundo yaliyofanana, urefu uliolingana, safu nzima ya misonobari ikiwa imevikwa kwa ajili ya baridi.

Katika kasri la Himeji, mwanzoni mwa karne hii, watafiti walifanya jambo ambalo yeyote angeweza kulifanya kabla yao. Kwa miaka kadhaa walifungua mikanda, wakahesabu waliomo. Viwavi walikuwa wachache. Waliojaa humo walikuwa buibui na kunguni wawindaji, yaani wale wanaowala wadudu waharibifu, na kila Machi walinzi hao wa msonobari walikuwa wakitiwa motoni. Tena adui mkubwa wa misonobari siku hizi ni minyoo isiyoonekana kwa macho, iliyotoka Amerika ya Kaskazini, inayobebwa na mbawakawa ambaye funza wake hupitisha baridi ndani ya mbao, mahali ambapo mkanda wa mabua haumgusi.

Himeji waliacha. Bustani nyingine zinaendelea mpaka leo, na baadhi husema waziwazi kwamba mikanda ni pambo la msimu. Siwezi kuwalaumu wanaopenda kuiona. Lakini kama kazi inaitwa ulinzi, na aliyefungua kifurushi amekuta walinzi waliochomwa, naona wajibu wa kuiacha ni mzito kuliko uzuri wake.

Desturi haikosi kwa kuwa desturi, na Kanazawa, mji wa pwani ya Bahari ya Japani, inathibitisha hilo. Katika bustani ya Kenrokuen, kuanzia tarehe 1 Novemba, mafundi husimamisha nguzo ndefu kando ya misonobari na kuteremsha kamba kutoka kileleni hadi kila tawi. Msonobari wa Karasaki peke yake huchukua kamba zipatazo 800. Theluji ya pwani hiyo imelowa maji na ni nzito, na tawi la msonobari lililofunzwa kwa miongo kulala ubavu linaweza kuvunjika usiku mmoja. Kamba zinabeba uzito huo kweli. Katika bustani za Tokyo, ambako theluji ya namna hiyo ni nadra, kamba hizo hizo hufungwa ili watu wazione.

Kwa macho hutazitofautisha. Lazima uulize zinabeba nini.

Mikono iliyowekwa nyuma

Nilipofika hapo nilidhani nimekaribia jibu: kutunza ni kufanya kinachofaa na kuacha kisichofaa. Msitu wa Meiji Jingu mjini Tokyo ukanivurugia.

Hekalu hilo lilizinduliwa mwaka 1920, na msitu wa hekta zipatazo 70 unaolizunguka ulipandwa na watu, kwa miti karibu 100,000 iliyotolewa sadaka kutoka pande zote za nchi. Waziri Mkuu wa wakati ule, Okuma Shigenobu, alitaka mierezi mirefu kama ile ya mahekalu ya Nikko na Ise, kwa kuwa ndiyo iliyoonekana kustahili hekalu. Mtaalamu wa misitu Honda Seiroku na wenzake wakakataa. Walieleza kwamba udongo wa Tokyo na moshi wa jiji hautaivumilia mierezi, wakapendekeza mialoni, mikafuri na miti mingine ya majani mapana isiyopukutika kwa pamoja, ambayo ingejizalisha yenyewe kwa mbegu zake. Walichora hatua nne za msitu huo kwa muda wa miaka 100 na zaidi. Katika hatua ya mwisho, misonobari iliyopandwa kuwa kivuli cha mwanzo ingekuwa imekufa karibu yote, na hakuna mtu ambaye angehitaji kupanda tena.

Wachoraji wa mpango huo walijua kwamba hawataiona hatua hiyo.

Leo wafagizi wa hekalu hupita na mifagio mipana katika njia za kokoto, na majani yote wanayoyakusanya huyarudisha chini ya miti. Hayatolewi nje. Mti ukianguka ndani ya msitu huachwa uoze. Hapa hakuna nguzo wala vifungo. Kila mti mmoja mmoja una ruhusa ya kufa, na utunzaji wote umeelekezwa kwa msitu. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa mwenzangu. Hakuwa akiuliza kama Usuzumizakura ulistahili kuishi. Alikuwa akiuliza kama waliouokoa waliwahi kukaa chini wakazungumza juu ya kifo chake, kama yeye anavyolazimika kuzungumza na familia za wagonjwa wake.

Msonobari uliobaki

Wapo waliolazimishwa kuzungumza. Katika pwani ya Rikuzentakata, mkoa wa Iwate, palikuwa na msitu wa misonobari ipatayo 70,000, ulioanzishwa mwaka 1667 na mfanyabiashara Kanno Mokunosuke ili kuzuia upepo wa bahari na chumvi visiharibu mashamba. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliufagia wote, ukabaki msonobari mmoja, mrefu wa mita 27 hivi, katika mji uliopoteza watu zaidi ya 1,700.

Madaktari wa miti walihangaika kuzuia maji ya chumvi yasiifikie mizizi, lakini ilikuwa imekwisha oza, na mwaka 2012 mti ulitangazwa kuwa umekufa. Kisha ukakatwa, ukatobolewa katikati, ukatiwa dawa, ukasimamishwa tena juu ya mhimili wa ndani ukiwa na majani ya bandia. Gharama ilikuwa yeni milioni 150 hivi, na ingawa zilikusanywa kwa michango, wapo waliouliza kwa nini fedha hizo zisiwafae watu waliokuwa bado wanaishi katika nyumba za muda.

Nimejiuliza mara nyingi ningesimama upande gani, na bado nasita. Uliosimama pale si mti tena, na kuuita utunzaji wa miti ni kupotosha. Ni kaburi la pamoja la watu ambao baadhi yao miili yao haikupatikana, na anayehitaji kaburi haombi idhini ya mtaalamu wa mizizi. Nisichosita nacho ni kazi nyingine iliyofanyika bila kelele. Vikonyo vilichukuliwa kwa msonobari huo kabla haujafa, vikabebeshwa juu ya miche michanga, na kuanzia mwaka 2017 wakazi na wageni walipanda upya pwani hiyo misonobari ipatayo 40,000.

Alichoanza Sano mwaka 1928

Kielelezo ninachokishika sasa kiko Kyoto, katika bustani ya Maruyama, ambako kila masika watu hukusanyika usiku chini ya msakura mmoja wenye matawi yanayoning'inia. Wengi hawajui kwamba ni wa pili. Wa kwanza ulikuwa maarufu kiasi cha kuwekwa katika kumbukumbu za asili za taifa mwaka 1938, na ulikufa mwaka 1947.

Sano Toemon, wa kumi na tano kulichukua jina hilo katika familia ya watunza bustani, alichukua mbegu za mti ule mwaka 1928, wakati bado unachanua na umati bado unaujia, akaiotesha miche kitaluni kwake. Mbegu za msakura wa namna hiyo hazina uhakika. Mche unaweza kukua ukakataa kuning'iniza matawi, na miaka ikawa imepotea. Aliitunza hata hivyo kwa karibu miaka 20, vita vikiwa katikati yake, na wakati wote huo mzazi wake alikuwa akiendelea kuhudumiwa. Mwaka 1949 akaupanda mrithi mahali pale pale.

Mwaka huo huo wa 1949, katika bonde la Neo, daktari Maeda alikuwa akibebesha mizizi. Zamani ningewaona watu hao wawili kuwa wamechagua njia zinazopingana, mmoja akikikataa kifo na mwingine akikikubali. Sasa sioni hivyo. Sano hakuacha kuutibu mzazi kwa kuwa alikuwa na mtoto wake kitaluni, na hakungoja mzazi afe ndipo atafute mbegu. Nimemwandikia mwenzangu hayo yote, naye amejibu kwamba wodini kwake wanaoweza kufanya mambo hayo mawili kwa pamoja ni wachache sana, na ameniuliza kama Sano alimweleza mtu yeyote, mwaka ule wa 1928, mbegu zile zilikuwa za nini.